Kijiti cha Banda la Bata

Jumatatu saa mbili asubuhi Mkuu wa kituo alilisukuma jalada mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa sahani ya chakula alichokikinai.

"Limeiva," alisema. "Ufunguo alikuwa nao mkwe. Dawa alikuwa akiipima mkwe. Kahawa kapika mkwe. Nyumba anabaki nayo nani? Mkwe. Unataka nini tena, Inspekta? Aje na cheti cha kuhitimu uuaji?"

"Nataka mpaka saa nane."

"Saa nane gari la mahakamani linaondoka. Likiondoka naye, mauaji hayana dhamana, na kurudi kwake huku ni majaliwa. Basi una saa sita, na moja kati ya hizo utaimaliza kwenye ngazi."

Hakumsingizia. Goti la kulia la Inspekta lilikuwa limestaafu kabla ya mwenyewe, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili. Alipanda, akapumzika, akapanda. Koplo alikuwa amekwisha kumtandazia vielelezo mezani: chupa tupu ya matone ya moyo, ufunguo mdogo wenye uzi mweusi, kijidaftari cha jalada la kijani, na kopo la bati lililojaa vikaratasi. Kopo hilo Koplo aliliingiza kwenye orodha baada ya kuhakikisha kwamba halina biskuti.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Marehemu mtaa mzima ulimwita Mama Herufi, kwa sababu alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja, mpaka vidole vikawa vyeusi hata akinawa. Kila Jumamosi saa kumi alasiri marafiki zake watatu, Fundi cherehani, Nesi Mstaafu na Mwalimu Mkuu, walikuja kwake kucheza mchezo wao wa maneno na kunywa kahawa. Jumamosi hii alikunywa, akaanguka, na jua halikuzama kabla hajafa. Hospitali walisema ni matone ya moyo, chupa nzima, kwenye kikombe. Chupa ilikutwa tupu kwenye droo ya meza chumbani kwake. Droo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mkwe wake, mjane wa mwanawe.

"Tunaanza wapi, afande?" Koplo aliuliza.

"Chini. Maana ndiko tulikotoka."

Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono magotini, kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane. Hakuwa analia. Waliokuwa wanalia walikuwa nje, na wengi wao walikuwa wametoa ushahidi.

"Ufunguo huu uliuvaa lini?" Inspekta aliuliza.

"Siku tuliyomzika mume wangu. Mama ndiye aliyenivika. Akasema, mwanangu kaondoka, sasa mwanangu ni wewe, nipimie matone. Saba asubuhi, saba jioni. Miaka minane sijakosea tone."

"Na chupa tupu?"

"Hiyo ya akiba. Sikuwahi kuifungua, ilikuwa na kifuniko chake cha dukani. Ninayotumia mimi imebaki robo tatu."

"Tumeiona. Mbali na chupa mbili, kulikuwa na nini kwenye droo?"

"Miwani ya zamani. Kijidaftari cha mchezo, hicho cha kijani. Na madaftari makubwa saba, yamefungwa kwa utepe wa taipureta."

Inspekta alitazama orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye droo. Chupa mbili. Miwani. Kijidaftari kimoja. Hakukuwa na saba ya kitu chochote.

"Madaftari ya nini?"

"Ya maneno. Toka enzi za kiwandani. Ijumaa alikuwa anayafuta vumbi, kiwanda kilimpigia simu ayapeleke leo. Wanachapa kamusi upya, wanataka kuona nani aliandika nini." Alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Kwani hayamo?"

"Ile meza mliinunua wapi?"

"Hatukununua. Mwalimu Mkuu alimpa zawadi, mwaka kamusi yake ilipotoka. Ya kumshukuru kwa kumsahihishia."

"Ilikuja na ufunguo mmoja?"

"Alitupa mmoja."

Inspekta aliliandika jibu hilo neno kwa neno, akapiga mstari chini yake.

"Afande," mkwe alisema, "wale watatu wote wametia saini?"

"Wametia."

"Wamesemaje?"

"Kwamba ufunguo ulikuwa shingoni mwako."

"Ni kweli." Alitikisa kichwa polepole. "Miaka minane nawapikia kahawa. Nani anaweka sukari namjua, nani haweki namjua, nani anatia vijiko viwili na kusema kimoja namjua. Na wao mwilini mwangu wamekumbuka shingo tu."

Duka la fundi cherehani lilikuwa na upana wa milango miwili. Ndani, Nesi Mstaafu, mwanamke mwenye kimo na upana vya kutosha, alikuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa gauni la msibani. Fundi, mzee mkavu kama rula yake, alikuwa amepiga magoti chini na pini mdomoni.

"Usigeuke," alisema Fundi kwa meno.

"Polisi wameingia, nisigeuke?"

"Geuza macho, kiuno kiache."

Inspekta alijitafutia kiti bila kukaribishwa. Goti halikuwa na subira ya adabu.

"Nesi, wiki mbili zilizopita uligombana na marehemu."

Pini moja ilianguka. Nesi alimtazama Fundi utosini. "Zipu unazo kibao humu dukani. Ungejishonea moja mdomoni."

"Sikusema kitu! Nilisema mlipishana lugha."

"Nieleze wewe," Inspekta alimwambia Nesi.

"Alisema kuna mtu kati yetu anachungulia maneno kabla ya mchezo. Akasema huku ananitazama mimi. Nikanyanyuka, nikaondoka, Jumamosi ile nikalala kwangu na njaa ya ubishi."

"Alikutazama kwa sababu ulikuwa umekaa mbele yake," Fundi alisema, "na ukikaa mbele, Nesi, hakuna kingine kinachoonekana."

"Matone yale unayafahamu?" Inspekta hakucheka.

"Mwanangu, nimeyapima miaka thelathini na tano. Ningetaka kumuua mtu mimi, hospitali wangeandika kafa kwa uzee na wangenipa pole." Aliona kalamu inakwenda. "Hilo usiandike."

"Nimeshaandika."

Koplo, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alijisogeza mbele kidogo. Kwenye uso wake ilionekana kabisa kwamba Nesi ameshakamatika. Inspekta hakumfuata huko.

"Hebu nifundisheni mchezo," alisema.

Fundi alitema pini zake kwenye kiganja. Kazi ya kueleza aliipenda kuliko ya kupinda. "Tunauita Kamba. Si mnasema fulani kanifunga kamba, kanidanganya? Ndiyo hiyo. Mama Herufi alikuwa mshika kamusi, kwake, kahawa yake. Wiki nzima anatafuta maneno ambayo hata babu yako hakuyasikia, anayaandika na maana zake kwenye kijidaftari. Jumamosi anataja neno. Kila mmoja wetu anaandika maana ya kuzua, lakini iwe na sura ya ukweli. Yeye anaichanganya na ile ya kweli, anasoma zote, tunachagua. Ukimwingiza mtu mkenge, alama moja. Ikitokea maana ya kweli unaijua, unaiandika hiyohiyo. Hapo ni alama tatu, raundi imekwisha."

"Nani alikuwa akishinda?"

"Mimi," alisema Nesi. "Halafu Fundi, kwa huruma. Huyu kila neno kwake ni kitambaa. Neno la samaki, kitambaa. Neno la ugonjwa, kitambaa."

"Kuna siku ilikuwa kweli kitambaa!"

"Na Mwalimu Mkuu?"

Wale wazee wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana.

"Wa mwisho," alisema Fundi. "Miaka tisa, wa mwisho. Kamusi ina jina lake kwenye jalada, dada'ngu, lakini ukimpa neno anakodoa kama kuku aliyeona mkufu. Akasema mtu aliyeandika maneno elfu ishirini hawezi kuyabeba yote kichwani. Tukamheshimu, tukanyamaza. Halafu miezi hii mitatu, ghafla! Kila Jumamosi tatu, tatu, tatu. Tukasema alhamdulillahi, kumbukumbu zimemrudia mzee."

"Raundi ya mwisho, siku ile?"

"Neno lilikuwa kidambwezo," alisema Nesi. "Mimi nikaandika ni ugonjwa wa kucha."

"Mimi nikaandika..."

"Kitambaa," walisema Nesi na Inspekta kwa pamoja.

"Pindo la kitambaa," Fundi alisahihisha, akijitetea heshima yake. "Mama akakusanya. Akasoma jibu langu. Akasoma la Nesi. Akafungua la Mwalimu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani. Akasema, tatu kwa Mwalimu, kaipata vilevile! Sisi tukacheka kwa kumwona yeye."

"Mwalimu naye?"

"Yule hakucheka. Alisema, kamusi yangu mwenyewe, mnachekea nini? Akainuka akatumiminia kahawa."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Nani alimimina kahawa?"

"Mwalimu. Manyunyu yalianza, mkwe akatoka uani kuanua nguo."

"Kwenye maelezo yenu kahawa ni ya mkwe."

"Tuliulizwa nani kapika," alisema Nesi juu ya kigoda, na sauti yake ikapungua kidogo. "Nikajibu nani kapika. Ningeulizwa nani kamimina, ningejibu nani kamimina. Daktari akiuliza mguu, mwanangu, humwonyeshi sikio."

Maelezo yale ya kwanza alikuwa ameyaandika Koplo. Koplo aligundua kuwa kuna cherehani nzuri pale dukani, akaiangalia.

"Mwalimu aliwahi kumimina kabla ya siku hiyo?"

"Yule? Yule hata kijiko alikuwa anasubiri akorogewe."

"Na marehemu alipoanguka, nani alikwenda wapi?"

"Mimi nilimshika kichwa," alisema Nesi. "Fundi alikimbilia teksi. Mkwe alipanda pamoja nasi, hana hata viatu. Mwalimu akasema, nendeni, mimi nitalinda nyumba."

Fundi alitazama pini kiganjani mwake kana kwamba anazihesabu, kisha akazirudisha kwenye kikopo chake moja moja.

"Kamusi yake mnayo hapa?" Inspekta aliuliza.

Ilikuwepo. Fundi alikuwa akiitumia kugandamizia vitambaa visikunjamane. Toleo la kwanza, zito, jina la Mwalimu Mkuu kwa herufi za dhahabu zilizofifia. Inspekta aliiazima, akatoka nayo hadi kwenye benchi la wateja, nje, akafungua kopo la bati walilokuja nalo juu ya mapaja ya Koplo.

Raundi ya mwisho ilikuwa juu kabisa, vikaratasi vimebanwa kwa kibanio cha nguo. Ugonjwa wa kucha. Pindo la kitambaa. Na cha tatu, cha Mwalimu, kwa mwandiko uliolala kushoto, nadhifu kama wa mtu anayetembelewa na mkaguzi: *Kijiti cha kuzuilia mlango wa banda la bata ili upepo usiupige.*

"Tafuta neno," alisema Inspekta.

Koplo alipitisha kidole, akalamba dole gumba, akapitisha tena. "Halimo, afande."

"Tafuta tena."

"Labda limejificha."

"Kwenye kamusi neno halijifichi, limewekwa kwa foleni. Halimo. Sasa fungua kijidaftari cha kijani, ukurasa wa mwisho ulioandikwa."

Koplo alisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. "Kidambwezo. Kijiti cha kuuzuia mlango wa banda la bata usipigwe na upepo." Chini yake kulikuwa na tarehe, Jumatano ya wiki mbili nyuma, na maneno manne kwa wino mwekundu. Koplo aliyasoma polepole. "*Nimelitunga mwenyewe. Tuone atakayelijua.*"

Mwanamke mmoja alipita na debe la maji, akawasalimu, hakuitikiwa.

"Amebahatisha?" Koplo alisema. Hakuonekana kuamini.

"Wewe Koplo, nikikupa neno hujawahi kulisikia toka uzaliwe, utabahatisha mpaka ufike kwa bata?"

Koplo aliwaza kwa uaminifu. "Kwa kuku, labda."

"Na mlango? Na kijiti? Na upepo?" Inspekta alifunga kijidaftari. "Neno hili halikuwa duniani ila sehemu moja: ndani ya droo iliyofungwa. Aliyeandika kikaratasi hiki aliifungua droo. Na kwenye droo hiyohiyo ndiko ilikokuwa chupa ya akiba, na aliyebaki kulinda nyumba ndiye aliyepata nafasi ya kuirudisha tupu. Mkwe hachezi Kamba, hakuandika kitu. Meza zina funguo mbili, Koplo. Mtu akikupa zawadi ya meza na ufunguo mmoja, amekupa nusu ya meza."

Saa ilikuwa sita na nusu.

Sebule ya Mwalimu Mkuu ilikuwa safi, ya mtu anayekaa peke yake na kujipangusia vumbi. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, hapakuwa na picha ya mke wala ya mtoto. Lilikuwa jalada la kamusi. Mwenyewe alifungua mlango na miwani puani, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Mezani palikuwa na magazeti yaliyotandazwa juu ya kitu, na kidole chake cha kati kilikuwa na wino.

"Karibu, binti yangu. Msiba umetuvunja. Kaa, kaa."

"Ahsante, Mwalimu. Sina kubwa. Nilitaka kuthibitisha: jioni ile ulipobaki kulinda nyumba, uliingia chumbani kwa marehemu?"

"Mimi? Chumbani kwa mwanamke mjane?" Alishtuka vizuri, kwa kiasi. "Nilikaa barazani mpaka waliporudi. Nimeshasema na nimetia saini."

"Umetia. Na kabla ya siku hiyo?"

"Sijawahi kukanyaga."

"Vizuri. Basi nisaidie jambo moja, maana wewe ndiye mwenye fani. Mimi shule yangu ilikuwa fupi. Wenzako wananiambia kuna neno uliwashinda wote. Kidambwezo."

Uso wa Mwalimu Mkuu ulilegea. Aliegemea kiti. Ni dhahiri alikuwa hajaulizwa maana ya neno siku nyingi.

"Kidambwezo," alisema kwa sauti ya darasani, "ni kijiti cha kuzuilia mlango wa banda la bata. Neno la zamani. Vijana hawalijui."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Samahani?"

"Kwenye kamusi yako. Nataka kuliandika kwenye jalada, na Mkuu wangu anapenda ukurasa."

Alisimama, akaitoa kamusi kabatini. Aliifungua katikati, akarudi nyuma, akaenda mbele. Kidole chenye wino kilishuka na safu ya kwanza. Kikashuka na ya pili. Kikapanda. Akageuza karatasi, akairudisha. Koplo alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. 

"Toleo hili wamelipunguza," alisema Mwalimu hatimaye. "Kwenye la kwanza lilikuwemo."

"La kwanza analo Fundi, anawekea vitambaa. Halimo."

"Basi nililisikia utotoni."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Hao watu walikuwa na bata?" Inspekta hakungoja jibu. Alikiweka kijidaftari cha kijani juu ya kamusi iliyofunguka, ukurasa wa mwisho, na kikaratasi pembeni yake. "Neno hili halijamaliza hata mwezi. Alilizaa Mama Herufi mwenyewe, akaliandikia na siku ya kuzaliwa. Soma hapo penye wino mwekundu, Mwalimu. Soma kwa sauti, kama darasani."

Hakusoma kwa sauti. Midomo yake tu ndiyo iliyotembea.

"Funguo zako, tafadhali."

Alizitoa mfukoni bila ubishi, pengine kwa mazoea ya mtu aliyekabidhi funguo za shule. Kulikuwa na wa mlango, wa kabati, na mmoja mdogo uliochakaa. Inspekta aliutoa ule wenye uzi mweusi kwenye bahasha yake, akaulaza kando ya mwenzake. Meno yalilingana kama ya mapacha.

"Koplo. Magazeti."

Koplo aliyainua magazeti mezani. Chini yake palikuwa na madaftari makubwa saba, majalada yamelainika kwa kushikwa, utepe wa taipureta umefunguliwa na kukunjwa pembeni. Mbele yake lilikuwepo la nane, jipya, limefunguliwa katikati. Mwandiko ulilala kushoto. Mstari wa mwisho ulikuwa bado unang'aa wino.

Inspekta alisoma daftari la marehemu. Kisha akasoma lile jipya. Neno kwa neno. Hata pale Mama Herufi alipokata na kuandika upya, Mwalimu alikuwa amekata na kuandika upya.

"Toka Jumamosi unanakili," alisema. "Mtu mwenye akili angeyachoma usiku uleule."

"Kuyachoma?" Mwalimu Mkuu aliinua kichwa, na sasa alikasirika kwa kweli. "Kuchoma haya? Hii ndiyo kamusi!"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, amechelewa. Koplo alikuwa ameshayaandika, na safari hii aliandika kila kitu.

"Yote saba ni yake?" aliuliza Inspekta.

"Mimi ndiye niliyezunguka na barua. Mimi ndiye niliyevaa tai nikakaa na wakubwa. Yeye alikuwa mpanga herufi. Nani angenunua kamusi ya mpanga herufi?" Alivua miwani. Bila miwani alikuwa mzee mwingine, mdogo zaidi. "Nilimpa meza. Mbao ngumu, droo tatu. Nani mwingine aliwahi kumpa kitu?"

"Na leo alikuwa anayapeleka kiwandani."

"Ningemwomba. Naapa nilitaka kumwomba kwanza. Chupa nilikuwa nayo mfukoni, lakini mtu hutembea na vitu vingi mfukoni. Ningetoka nayo kama nilivyoingia nayo." Alikitazama kile kikaratasi. "Angesema tu kwa upole, Mwalimu, nimekujua. Tukiwa wawili. Lakini alicheka. Alicheka mbele ya mshona nguo."

"Kama droo uliifungua kwa ajili ya madaftari," aliuliza Inspekta, "maneno ya mchezo uliyasomea nini? Alama tatu za Jumamosi zina faida gani?"

Mwalimu alikisukumia mbali kile kikaratasi. Miaka tisa alikuwa wa mwisho.

"Vaa koti," alisema Inspekta. "Kule hakuna wa kukumiminia kahawa."

Saa nane kasorobo Mkuu wa kituo alisoma karatasi mbili za juu, akasoma ya tatu mara mbili, akalivuta jalada upande wake kwa vidole vyote vitano. "Nilisema linahitaji kuangaliwa," alisema. Gari la mahakamani liliondoka kwa wakati. Lilikuwa na mtu mmoja tu nyuma, mwenye koti.

Fundi na Nesi walikuwa wamefika barazani mwa kituo. Nesi bado alikuwa na gauni la msibani lenye pini, na kila aliposogea lilimchoma. Mkwe alipotoka, miguu ndani ya kandambili za kuazimwa, walisogea wote wawili.

"Mwanangu," alianza Nesi, "tuliulizwa nani kapika..."

"Najua, bibi. Mlijibu vizuri." Aliwapita.

Inspekta alimfuata mpaka ngazini, akamkabidhi vitu vyake kwenye bahasha: kitambaa cha kichwa, pete, ufunguo mdogo wenye uzi. Kesi haikuuhitaji tena ule. Ule wa Mwalimu ulitosha.

"Madaftari tutabaki nayo mpaka hukumu," alimwambia.

"Na kamusi mpya itatoka kwa jina la nani?"

"Hilo si la polisi, mama."

Mkwe alicheka kidogo, puani. Alivaa pete. Alijifunga kitambaa. Ufunguo aliuacha mkononi, akautazama, kisha akaushika mkono wa Inspekta na kuufungia humo kwenye kiganja, kama mtu anayempa mtoto nauli.

"Tumeni gari likaichukue meza," alisema. "Halafu huo mpelekeeni Mwalimu. Apate nao wa pili."

Akashuka ngazi, na Nesi na pini zake hawakuthubutu kumfuata.